Injini Iliyoimba Likasi na Kufa Bukama

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya karakana yangu hapa Panda, mtaa wa Likasi, ananiuliza swali lile lile: "Kasongo, ile moteri ya shemeji yako, ilikuwa na nini hasa?" Nimewajibu vipande vipande, spana mkononi, na sasa nasikia hadithi yangu ikirudi kwangu kupitia midomo ya watu ikiwa na mamba na majini ndani yake. Mamba hakuwepo. Ngoja niisimulie mwenyewe.

Mdogo wangu Feza ameolewa Bukama na Ilunga, mtu wa mtoni. Ilunga ana pirogi ndefu inayobeba watu na samaki juu ya Lualaba mpaka Kikondja. Nyuma yake inaning'inia injini ya mapigo mawili, ya zamani kuliko ndoa yao. Mara ya kwanza aliponitumia ili niitengeneze, ilikuwa imeungua koili tu. Nikaweka koili nyingine, nikaijaribu ndani ya nusu pipa la maji hapa uwanjani. Ikatoa moshi mweusi hadi majirani wakafunga madirisha. Basi nikabadilisha jikleri, kile kipande kidogo cha shaba ndani ya kabureta chenye tundu jembamba kinachopima petroli inayoingia. Nikaweka chenye tundu dogo zaidi. Nikaisogeza na cheche ya buji, ile plagi ya injini, iwahi kidogo, maana nilisikia injini inavuta kwa uvivu. Moshi ukaisha. Ikaimba. Nikaituma kwa furaha.

Ikarudi pistoni imenata. Nikaitengeneza tena, ikaimba tena, nikaituma tena. Ikarudi vile vile.

Hapo mama yake Ilunga, Mama Ngoie, akasema mbele ya watu: "Ile moteri inakufa juu ya mukono ya kaka yake Feza. Ule muntu hatupendi." Tangu siku ile, nikimpigia simu dada yangu, anaongea chini chini kama mtu aliyekaa na mgonjwa chumbani. Mimi nilikuwa nimebakiwa na pistoni moja ya aina ile, na sijui duka lolote, Likasi wala Lubumbashi, linaloiuza bado. Nikaifunga ndani ya injini, na safari hii sikuituma. Nilikwenda nayo.

Panda hadi Kambove: mzigo ndani ya blanketi

Nilipata nafasi kwenye lori la Deo, dereva anayepeleka unga na viti vya plastiki Bukama. Injini niliivingirisha katika blanketi la kahawia la mke wangu, nikaikaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikailaza juu ya magunia ya unga. Upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba. Machoni mwangu ilikuwa injini tu.

Deo alisema tutapita Kambove "dakika mbili" kuchukua mabati. Hizo dakika mbili zilikula asubuhi yote. Mwenye mabati alikuwa amekwenda misani, na baada ya misa akaenda kumsalimia mtu, na huyo mtu akampa chakula. Tulikaa kivulini mwa lori tukila mikate ya mafuta na karanga, tukitazama wachimbaji wakisukuma baiskeli zenye magunia ya mawe ya kijani. Mmoja alikuwa na pikipiki ya mapigo mawili inayokohoa moshi. Sikuweza kujizuia, nilimwomba nitazame buji yake. Ilikuwa nyeusi ti. Nikamwambia petroli imezidi, aweke jikleri ndogo.

"Niliinunua Kalemie, kule chini ku ziwa," akasema. "Kule haikuwa na moshi hata kiloko."

Nilimjibu kwamba labda hakuangalia vizuri. Nikamrudishia buji yake, tukapakia mabati, tukaondoka.

Nguba hadi Lubudi: rambirambi

Pale njia inapogawanyika Nguba walipanda abiria wengi wanaokwenda kwao. Mama mmoja mwenye kitenge cha njano alipanda, akaona blanketi langu, akasimama. Akafanya ishara ya msalaba, akakaa polepole, mbali kidogo.

"Pole, baba," akaniambia.

Nilidhani ananipa pole ya vumbi. "Aksanti, mama. Safari ni vile."

"Ni ya kwenu?"

"Apana, ni ya shemeji. Minairudisha ku Bukama."

"Iliugua siku mingi?"

"Mingi, mama! Mara mbili inakufa, mara mbili minaifufua. Sasa hii ya tatu, tunaachia Mungu tu."

Mnajua Kiswahili chetu: mtu ni *i*, kitu ni *i*, hatubagui. Mama alinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa, kisha akainama akamnong'oneza jirani yake, na jirani akamnong'oneza mwingine. Wanaume wakavua kofia. Mtu aliyekuwa ameegemea mguu wa injini yangu aliruka kama ameketi juu ya moto. Nikapewa nafasi ya kunyoosha miguu, jambo ambalo sijawahi kulipata juu ya lori maisha yangu yote. Baadaye wakaanza kuimba wimbo wa kanisa, wa pole pole, na mimi kwa kuwa naujua nikaimba sauti ya chini. Nilijisemea moyoni, watu wa njia hii wana utu.

Kabla ya Lubudi kuna daraja ambalo mbao zake zilikuwa zimeoza. Deo alisema lori lazima lipite tupu, mizigo ibebwe kwa mikono. Nikainuka kuchukua injini yangu, lakini wanaume wanne walikuwa wameshaishika, wameiweka mabegani, wanatembea kwa hatua ya pamoja, na akina mama nyuma wakiimba. Katikati ya daraja mzee wa mbele akageuka.

"Baba, kichwa iko upande gani? Tusiitangulize vibaya."

"Kichwa iko huku," nikamjibu, "penye buji."

"Penye nini?"

"Penye buji. Ya moteri."

Wimbo ukakatika. Nilisikia maji chini ya mbao. Halafu mama wa kitenge cha njano akatoa kicheko kimoja kirefu, akakaa chini pale pale mwisho wa daraja, akicheka huku anajifuta machozi, na ghafla akakasirika.

"Minalilia moteri! Tangu Nguba minalilia moteri!"

Akadai nifungue blanketi. Nikafungua. Akaizunguka akaiangalia rangi yake iliyobambuka, kofia yake iliyobonyea na propela yake iliyokatika ncha.

"Lakini," akasema, "iko na sura ya mugonjwa kweli."

Wanaume hawakunirudishia mzigo. Waliuvusha hadi ng'ambo. Tulipomaliza kuvusha unga wote, mama yule alifungua kapu lake akatugawia bukari baridi, ule ugali wetu, na samaki wa moshi, akaniuliza ugonjwa wenyewe. Nikamweleza kwamba naamini shemeji yangu anabania mafuta ya kulainisha. Injini ya mapigo mawili haina tumbo la oili. Oili inachanganywa na petroli, na ukipunja, pistoni inanata.

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema ni minye."

"Basi mmoja wenu anakosea," akasema, akilamba vidole. "Ao wote mbili."

Lubudi hadi Bukama: chupa

Baada ya Lubudi nchi inaanza kushuka. Huioni ikishuka mara moja. Ni vilima na vilima, lakini kila unapoteremka kimoja, unachopanda baadaye ni kifupi zaidi. Hewa inakuwa nzito na yenye joto. Mama wa njano na wenzake walikuwa wameshuka Lubudi, nikabaki na viti vya plastiki na mawazo yangu.

Nilikuwa nimemaliza maji ya kunywa kule juu, nikafunga chupa tupu nikaitia kando ya goti. Tukiwa tunateremka nikasikia *tak!* Nikatazama. Chupa ilikuwa imebonyea ubavuni, na hakuna aliyeikalia. Nikafungua kifuniko; ikavuta pumzi, *fyuu*, ikanyooka. Nikaifunga tena. Tulipokaribia Luena, *tak!* ikabonyea tena. Masikio yangu nayo yalikuwa yameziba, yakafunguka nilipomeza mate.

Tuliposimama kupoza magurudumu nikamwonyesha Deo.

"Ni joto," akasema.

Lakini joto linavimbisha vitu. Nimeacha magurudumu mengi juani, najua. Hapa kitu kilikuwa kinasinyaa. Deo hakutaka kujisumbua na chupa. Alipiga boneti ya lori lake kwa kiganja, akasema, "Minye minajua kitu moja tu. Kuanzia hapa kamyo inapata nguvu. Kule kwenu inapanda kama muzee, huku inapanda kama kijana."

Nilikaa na chupa ile mapajani njia yote iliyobaki, nikiifungua na kuifunga. Deo, ninavyojua, aliwaambia watu wa Bukama kwamba fundi wa Likasi ana kasoro kichwani.

Bukama: maharagi

Ilunga alinipokea vizuri, lakini kwa mkono tu. Zamani alikuwa ananikumbatia. Mama Ngoie alikuwa mlangoni anatoa magamba ya samaki. Hakuinua kichwa.

"Unakuya kuiona inakufa na macho yako?" akaniuliza.

"Ninakuya kuiponyesha, mama."

"Mara mbili ulisema vile."

Feza alinipa maji ya kunywa, akarudi jikoni. Alikuwa amebandika chungu cha maharagi, ndiyo kwanza kinaanza kutoa mvuke.

Nilitaka kumaliza mambo haraka. Nikamwambia Ilunga achanganye petroli na oili kama anavyochanganya siku zote, mbele yangu. Ilunga alichukua chupa yake ya kupimia aliyoichora mistari, akamimina, akaangalia mstari kwa jicho moja, akaongeza tone, akatikisa. Kipimo chake kilikuwa safi kuliko changu.

Tukaifunga injini nyuma ya pirogi, tukaifunga pirogi kwenye kisiki. Nikavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Nikatabasamu. Nikafungua gesi ili izunguke kwa kasi. Kwanza ikaimba ule wimbo wa Panda, kisha chini ya wimbo nikasikia kitu kama kokoto ndani ya kopo: *ki-ki-ki-ki*. Nikaizima. Nilipofungua buji, ilikuwa nyeupe kama mfupa, na juu ya weupe kulikuwa na chembe zinazong'aa. Hizo chembe ni pistoni yenyewe inayoanza kuyeyuka. Buji yenye afya ina rangi ya chokoleti.

Ilunga hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa umesikia na masikio yako."

Tulirudi nyumbani. Feza akatuita kula, na nilipotia kijiko kwenye maharagi yakapondeka kama siagi. Nikashangaa.

"Feza, uliyaloweka haya tangu jana?"

"Apana. Si uliyaona naanza kuyapika?"

"Mbona yameiva?"

"Huku maharagi inaiva mbio, kaka. Ku Likasi unamaliza makaa yote na bado inalia mu meno. Mwanzo nilifikiri ni maharagi ya huku njo mazuri. Lakini nilileta yale yale ya kwetu, ya soko ya Panda. Inaiva mbio vile vile."

Nilisimama na kijiko mkononi. Maharagi yale yale. Chupa ile ile. Lori lile lile linalopanda kama kijana. Na yule mchimbaji wa Kambove ambaye nilimwambia hakuangalia vizuri, na pikipiki yake isiyotoa moshi kule ziwani! Sikuwa mgeni wa jambo hili. Nilikuwa nimelisikia shuleni, kwamba juu milimani hewa ni nyepesi na chini ni nzito. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba Likasi ni mlima. Unapozaliwa juu ya kitu, hukioni.

Niliwaeleza mezani, nikichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika. Kila injini inapovuta pumzi hapa Bukama, inavuta hewa iliyoshindiliwa, nyingi kuliko ya Likasi. Petroli inayopita kwenye tundu la jikleri haiongezeki vya kutosha kulingana nayo. Petroli kidogo ndani ya hewa nyingi inawaka kwa moto mkavu, mkali. Na ile cheche niliyoiwahisha, kule kwetu inafaa kwa sababu moto katika hewa nyepesi unakwenda polepole. Hapa moto unakimbia, unampiga pistoni usoni kabla hajafika juu. Moshi wa Panda haukuwa ugonjwa. Injini ilikuwa nzima kabisa, ila haikuwa kwao. Mimi nilikuwa nimeitengenezea pipa langu, wao wanaitaka kwa ajili ya mto.

"Basi," Ilunga akasema taratibu, "rudisha jikleri yake ya zamani."

Hapo ndipo nilipojikuna kichwa. Ile ya zamani nilikuwa nimempa mtu wa Kamatanda, kule kwetu, iko kwenye pikipiki yake.

Ilibaki njia moja: kupanua tundu la ile niliyo nayo. Feza aliniletea sindano yake nene ya kushonea magunia. Nilisugua ncha yake juu ya jiwe mpaka ikawa na kona nne, nikaiingiza tunduni, nikawa naizungusha kwa vidole viwili kwa pumzi ya kuhesabiwa. Shaba ikishatoka hairudi. Ukizidisha umeharibu, na sikuwa na nyingine.

Kisha cheche. Nilitia spoku ya baiskeli kwenye tundu la buji ili nijue pistoni iko wapi, nikabana karatasi ya sigara katikati ya platini, vile vyuma viwili vidogo ambavyo vikiachana ndipo cheche inaruka. Unazungusha gurudumu la injini huku unavuta karatasi. Inapochomoka, ndio wakati wenyewe. Nikalegeza sahani inayobeba platini, nikairudisha nyuma unene wa ukucha.

Tukajaribu. Kokoto zilipungua. Buji ikatoka kijivu. Nikapanua tena, tukajaribu tena, na safari hii sikusikia kokoto hata moja. Nikamwambia Ilunga tumefika.

Akainamisha kichwa karibu na injini, akafumba macho. "Apana. Ile jiwe ingali mu ndani. Ongeza kiloko."

"Sisikii kitu."

"Minye minaisikia. Minaikala nayo kila siku."

Nilitazama sindano, nikatazama lile tundu. Kama anakosea, injini itazama kwenye moshi na nitakuwa nimeiua kwa mkono wangu kweli, mama yake akitazama. Lakini ndiye aliyepima oili vizuri kuliko mimi. Nikazungusha mara moja zaidi, nusu ya mara. Tukawasha, tukaiacha ifanye kazi yote, tukaizima. Buji ikatoka rangi ya chokoleti. Ilunga aliishika kwenye kiganja akaitazama kama mtu anayetazama jino la kwanza la mwanawe, kisha akanipiga begani.

Lualaba hadi Kikondja

Asubuhi pirogi ikajaa: watu wa soko, kuku, madumu, mashuka ya mtu anayekwenda kuoa. Wote walikuwa wameshasikia kwamba ni siku ya kujaribu. Feza alikaa karibu nami. Wa mwisho kupanda alikuwa Mama Ngoie, ambaye tangu injini ilipokufa mara ya pili aliapa hatakanyaga pirogi ile. Alipanda na kapu lake, akakaa kunitazama uso kwa uso, magoti yake yakigusa yangu.

Lualaba pale ni pana na haina haraka. Visiwa vya majani vinaelea vyenyewe, na matete yanasimama pande zote mpaka huoni nchi. Ilunga aliongoza kwa kasi ndogo. Tulipokaribia kona moja yenye matete mengi, watu waliacha kuzungumza. Sikuhitaji kuuliza, ndipo injini ilipokufia, mara zote mbili. Hata yule wa mashuka alishika ukingo. Mimi nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Kona ikaja, ikapita, ikabaki nyuma. Mtu mmoja akakohoa, kisha wote wakaanza kuongea kwa pamoja.

Baadaye Mama Ngoie akainama kwangu.

"Ilunga ananiambia ulikuwa unatafuta mupepo mu kale katundu."

"Njo vile, mama. Kule kwetu mupepo iko kiloko. Huku iko mingi. Moteri ilikuwa inashindwa kuijua."

"Ku Likasi mupepo iko kiloko?"

"Ndiyo, mama."

"Munapumua namna gani?"

"Tunapumua vile vile. Tumeizoea."

"Na batoto banazaliwa mu ile mupepo kiloko?"

"Wote, mama. Hata minye. Hata Feza."

Akageuka akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu, toka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayemwona sasa hivi anashuka kwenye lori na sanduku lake la harusi.

"Njo maana," akasema. "Alifika hapa mwembamba, anazungumza mbio mbio kama mutu anakimbizwa. Minye nilifikiri ni kiburi. Kumbe mutoto wa watu alikuwa anakosa mupepo."

Feza alifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika. Mama Ngoie hakucheka hata kidogo. Alifungua kapu lake, akachagua samaki wa moshi aliye mkubwa kuliko wote, akaniwekea mapajani.

"Kula," akaniamuru. "Na pumua. Pumua mingi, kabla ya kurudi kule."

Halafu, bila kugeuza kichwa, akamwambia mwanawe aliyekuwa nyuma kwenye injini:

"Na weye, Ilunga, tunalala hapa? Ongeza!"

Ilunga akaongeza.